Mackay, Mzungu wa Kazi

Kusini mwa Ziwa Victoria, kati ya Uzinza na Usukuma, ipo nchi ambayo zamani iliitwa Usambiro. Siku hizi watu wa Geita, Shinyanga na Mwanza wamezoea sauti ya mitambo. Mashine za kusaga nafaka zinalia vijijini, misumeno ya umeme inapasua mbao mijini, na mitambo mikubwa inasaga mawe ya dhahabu usiku na mchana. Lakini katika mwaka 1887 hapakuwa na reli, wala gari la moto, wala barabara ya magari toka pwani hata ziwani. Kila kipande cha chuma kilichofika huko kililetwa juu ya kichwa au bega la mpagazi, kwa mwendo wa miezi.

Hata hivyo, mwaka huo alikuja Usambiro mtu mmoja akajenga kiwanda katika uwanja wa nyumba yake, akafua vyuma, akapasua mbao na kufufua vyombo vilivyokwisha kuharibika. Jina lake Alexander Mackay. Watu walimwita Mzungu wa Kazi, kwa sababu kila walipomtazama walimkuta na nyundo, au msumeno, au kitabu mkononi. Hii ndiyo habari ya maisha yake.

1. Kijana aliyependa magurudumu

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1849, katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mtu wa elimu nyingi. Mtoto hakwenda shule mpaka alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Mara nyingi masomo yao yalifanyika njiani. Baba alisimama, akachora mavumbini kwa fimbo yake, na mtoto akajifunza hesabu za maumbo au njia ya mto wa Afrika uliovumbuliwa karibuni.

Lakini vitabu peke yake havikumtosha. Alipopata nafasi alikwenda kwa mhunzi kutazama chuma chekundu kikipigwa juu ya fuawe, na kwa maseremala kuona kazi ya randa na patasi. Kituo cha reli kilikuwa mbali na kijiji chao, naye alitembea maili nyingi kwa miguu ili aione injini ya gari moshi kwa dakika chache tu, wakati iliposimama kupakia abiria. Kisha aligeuka akarudi nyumbani kwa miguu vile vile. Njiani akawaza jinsi mvuke ulivyosukuma chuma, na chuma kikazungusha gurudumu.

Alipokuwa kijana alikwenda mji wa Edinburgh kusoma kazi ya ualimu, baadaye akasoma uhandisi. Hakuwa na fedha za kutosha. Kwa hiyo asubuhi alifundisha shule, na baadaye mchana alifanya kazi katika kiwanda cha mashine huko Leith. Mikono yake ikawa migumu na kichwa chake kikajaa hesabu. Mwaka 1873 alikwenda Berlin, Ujerumani, akawa mchoraji wa mashine katika kiwanda kikubwa. Huko alibuni mashine ya kilimo, nayo ikapata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya mji wa Breslau. Mtu angeweza kusema kwamba njia yake ya utajiri ilikwisha kufunguka.

2. Safari ya watu wanane

Mwezi wa Novemba, 1875, gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Stanley, aliyekuwa amefika Buganda. Barua ile ilisema kwamba Kabaka Mutesa alitaka walimu, nayo ikaeleza waziwazi kwamba walitakiwa watu wenye kujua kazi za mikono, si kusema tu. Mackay alipoisikia habari hiyo aliandika kwa chama cha Church Missionary Society akajitoa kwenda.

Waliteuliwa watu wanane. Katika siku ya kuagana, Mackay, ambaye alikuwa kijana kuliko wote, aliwaambia wakubwa wa chama wasitazamie kwamba watu wote wanane watakuwa hai baada ya miezi sita. Aliwasihi kwamba habari ya kifo ikija, wasikate tamaa, bali wapeleke mtu mwingine mara moja. Maneno hayo yaliwashtua wasikilizaji, lakini yalikuwa kweli. Walifika Unguja mwishoni mwa Mei, 1876, na kabla ya miaka miwili kupita, wengine walikuwa wamekufa kwa homa, wengine wameuawa, na wengine wamerudi kwao kwa ugonjwa. Walibaki wawili tu, Wilson na Mackay.

Mackay mwenyewe aliugua sana njiani mwaka 1876, akarudishwa pwani. Alipopona hakukaa bure. Alichukua watu na mashoka, akakata njia toka Saadani hata Mpwapwa, karibu maili 230, akijaza mabonde na kuweka madaraja ya miti. Alitaka magari ya ng'ombe yapite, ili mzigo usiwe wa kichwa cha mtu tena. Magari yalikwenda, lakini ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa. Basi mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, ratili sitini au sabini kila mtu.

3. Rundo la Kageye

Wenzake waliotangulia walikuwa wamefika Kageye, katika Usukuma, kando ya Ziwa. Walikuwa wameunda mashua yao iliyoitwa Daisy, na baadhi yao walivuka hata Buganda. Lakini Dakta Smith alikufa kwa homa mwaka 1877, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule Shergold Smith na O'Neill waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe, walipojiingiza katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanya biashara mmoja Mwarabu. Mali zao zilibaki Kageye bila mwenyewe.

Mackay alifika hapo mwezi wa Juni, 1878. Mtemi wa mahali hapo alimwonyesha banda, na ndani yake aliona jambo la kusikitisha. Vitu vyote vilikuwa rundo moja: vipande vya tangi la mvuke pamoja na vitabu, herufi za chapa pamoja na mbegu za bustani, magurudumu yenye meno pamoja na mabati ya nyama, misumeno, mitaimbo, mapampu, majembe ya kukokotwa, dawa na nguo. Silinda ya injini ilikuwa huku, na kitako chake kule. Mchwa walikuwa wameingia, na kutu ilikuwa imeanza kula chuma.

Mtu mwingine angeweza kuchukua vitu vichache vizuri na kuviacha vingine vioze. Mackay hakufanya hivyo. Alijua kwamba mashine iliyofunguliwa haijafa, imelala tu. Lakini atakayeiamsha sharti ajue kila kipande kilikotoka na kazi yake ni nini. Basi kwa siku kumi, tangu alfajiri hata giza, alitoa vitu kimoja kimoja, akavitenga: zana mahali pake, chapa mahali pake, karatasi mahali pake, na vyuma vya injini mahali pake. Kisha alianza kuunganisha. Siku zile kumi zilipokwisha, injini ya mvuke ilisimama nzima mpaka parafujo ya mwisho, na vipande vya tangi vilikuwa tayari kufungwa kwa misumari ya kugongwa.

Katika hayo tunaona namna ya kazi yake yote. Hakuanza kwa kugonga, alianza kwa kupanga. Fundi mwenye haraka hukiweka chuma mahali kisipopatana nacho, kisha hukilazimisha kwa nyundo, na mwisho hupasua kilichokuwa kizima. Fundi mwenye akili hutazama kwanza alama, ukubwa wa tundu, na mahali palipong'aa kwa kusuguana, maana hapo ndipo chuma chenyewe kinapoonyesha mwenziwe.

Kabla ya kuondoka upande ule, Mackay alikwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge, ambaye watu wake walikuwa wamewaua rafiki zake. Alikaa naye siku kadhaa wakapatana, naye akarudi salama.

4. Mashua iliyokatwa katikati

Sasa ilibaki Daisy. Mashua hiyo ilikuwa imelala ufukoni, jua limepasua mbao zake, mchwa wametoboa, na kiboko amevunja ubavu wake. Mackay alitia mbao mpya, akaziba nyufa kwa kalafati, akaishusha majini. Mwezi wa Agosti, 1878, yeye na Wilson walitweka tanga kwenda Buganda.

Siku chache baadaye ilivuma dhoruba kubwa. Mawimbi ya Ziwa yaliitupa Daisy katika ufuko wa magharibi, ikavunjika vibaya. Mizigo iliopolewa ikalowa, nao wakawa katika nchi ya wageni, hawana kiwanda wala mbao kavu. Hapo Mackay aliamua jambo la ajabu. Aliona kwamba mbao nzima zilizobaki hazitoshi kutengeneza mashua yenye urefu ule ule. Basi alikata sehemu ya katikati akaiondoa kabisa, akaleta kichwa cha mashua na mkia wake pamoja, na kwa mbao za ile sehemu iliyoondolewa akaziba matundu ya pande zote mbili. Kazi hiyo ilichukua majuma kama manane. Daisy ikawa fupi kuliko ilivyokuwa, lakini ilielea, na mwezi wa Novemba iliwafikisha Buganda.

5. Kiwanda cha Natete

Huko Buganda Mackay alipewa mahali katika kilima cha Natete, karibu na makao ya Kabaka. Alijenga nyumba, na ubavuni mwake akaweka kiwanda. Mlikuwa na fuawe na mivukuto, jiriwa ya kushikia vyuma, kinoo cha mviringo kinachozungushwa kwa mkono, na kerezo.

Kerezo ni mashine ambayo mtu asiyeiona hawezi kuifahamu upesi. Mti hushikwa katikati ya ncha mbili za chuma, kisha huzungushwa mbio kwa gurudumu, na fundi husogeza patasi polepole mpaka mti uwe mviringo kabisa. Tezo hufuata mkono, na mkono hutetemeka. Lakini katika kerezo mti wenyewe ndio unaokwenda, na chuma kimetulia. Kwa hiyo kerezo hudai uangalifu mkubwa. Ncha zake zikilegea, mti utacheza. Zikikosa mafuta, zitaungua. Patasi ikiwa butu, mti utachanika badala ya kukatwa.

Watu walijaa mlangoni kila siku. Baganda walikuwa mafundi hodari wa nyumba za matete, wa mitumbwi na wa nguo za magome, na wahunzi wao walijua chuma tangu kale. Lakini gurudumu walikuwa hawajalizoea. Walipoona kinoo kikizunguka na cheche zikiruka, walistaajabu, na wengine walidhani ni uganga. Mackay aliwaambia kwamba si uganga hata kidogo. Baba zake wa zamani pia hawakuyajua mambo hayo, walijifunza kidogo kidogo, na kila mtu mwenye akili na subira anaweza kujifunza vile vile.

Siku moja alichimba kisima kirefu, akaweka pampu. Maji yalipopanda toka chini na kumwagika juu, watu walipiga kelele kwamba Mackay ni lubaale, yaani mzimu mkubwa. Akawakataza. Akawaeleza kwamba pampu ni kama mkonga wa tembo, au kama mirija yao ya kunywea pombe, ila ndani yake mna ulimi wa chuma unaovuta maji. Hakutaka kuheshimiwa kwa siri. Alitaka watu waone ndani ya kitu na kukifahamu.

Mwaka 1882 mama yake Kabaka alifariki, na Mackay akaombwa amfanyie jeneza la heshima. Mbao zilikuwa adimu sana, kwa maana wakati ule mti mzima ulichongwa kwa tezo mpaka ubaki ubao mmoja. Alifanya kazi karibu mwezi mzima pamoja na watu wa Kabaka. Jeneza la kwanza lilikuwa la mti, la pili la shaba, na la tatu, la nje, lilikuwa kubwa kama nyumba ndogo.

Pamoja na hayo aliwafundisha vijana kusoma. Chapa yake ilikuwa ndogo, tena herufi hazikutosha. Kwa hiyo alichonga nyingine za mti kwa mkono wake, ili kurasa za kujifunzia zipatikane. Vijana waliokuja kutazama magurudumu walikaa wakatazama herufi. Wengine walishika mpini wa kinoo kwa mkono mmoja na karatasi kwa mkono wa pili.

Mwaka 1883 alivuka Ziwa tena kwenda kusini, akaunda mashua mpya iliyoletwa vipande vipande toka Uingereza. Iliitwa Eleanor, nayo ikawa badala ya Daisy.

6. Siku za hofu

Mackay hakuwa mtu laini. Alibishana mara nyingi barazani kwa Kabaka, na Waarabu na hata na mapadre Wafaransa, na maneno yake yalikuwa makali. Maadamu Mutesa alikuwa hai, mabishano hayo hayakuleta damu. Lakini Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba, 1884, na kijana Mwanga akawa Kabaka.

Mwanga aliogopa kwamba Wazungu wamekuja kuila nchi yake. Katika Januari, 1885, vijana watatu waliokuwa wakisoma kwa Mackay na wenzake waliuawa kwa moto. Mmoja wao, Lugalama, alikuwa mtoto tu. Mackay alikwenda kuwaombea, akarudi mikono mitupu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 waliuawa Wakristo wengi.

Baada ya mwenzake kuondoka mwaka 1886, Mackay alibaki peke yake karibu mwaka mzima. Mwanga hakumpenda, lakini hakutaka kumwachilia, kwa sababu hakuwa na fundi mwingine kama yeye. Mchana alitengeneza vyombo vya Kabaka; usiku alifundisha watu waliokuja kwa siri, na alichapa kurasa za Injili kwa lugha ya Kiganda. Hivyo mikono yake ndiyo iliyolinda maisha yake. Hata hivyo jambo lile lilimsumbua, kwa kuwa hakuweza kuwalinda kwa mikono ile ile vijana waliomwamini.

Mwezi wa Julai, 1887, aliruhusiwa kuondoka. Alifunga kiwanda chake, akaingia katika Eleanor, akavuka Ziwa kwenda kusini.

7. Usambiro

Basi hivi ndivyo alivyofika Usambiro. Aliomba mahali, akajenga nyumba ya udongo, akazungusha boma la miti mirefu. Katika ua aliweka tena kiwanda: fuawe, mivukuto, misumeno na zana zake za useremala. Kwa mara nyingine alifungua masanduku, akafuta kutu, akatia mafuta na kunoa.

Kazi hiyo ya kufuta na kunoa haina sifa, lakini ndiyo inayotenga fundi na mharibifu. Karibu na Ziwa hewa ina unyevu, na chuma kilichoachwa bila mafuta hushikwa na kutu kabla ya mvua mbili kupita. Msumeno wenye kutu hukwama ndani ya mti. Kutu ikiingia katika parafujo, haifunguki ila kwa kuvunjwa. Kwa kuwa pwani ilikuwa mbali miezi mitatu, chombo kilichovunjika Usambiro hakikupata badala yake dukani. Ama kitengenezwe, ama kazi ikome. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Mackay hakuwa na ukuta mwingine wa kujenga.

Majonzi yalimfuata. Mwezi wa Machi, 1888, Askofu Parker na mwenzake Blackburn walikufa hapo hapo Usambiro kwa ugonjwa, siku chache tu kati yao. Buganda nako kukawa na vita. Mwanga aliondolewa katika kiti, na vijana waliokimbia walikuja kwa Mackay. Ilikuwa wazi kwamba mashua ya tanga haitoshi kwa Ziwa kubwa namna ile, ambapo upepo ukikosa watu hukaa siku nyingi majini. Mackay alikusudia kuunda mashua ya moshi.

Kwanza alihitaji mbao. Miti ya kufaa ilikuwa msituni, mwendo wa maili ishirini hivi. Basi alitengeneza gari lenye magurudumu manne ili magogo yaletwe bila kuvunja migongo ya watu. Magogo yalipofika yalipasuliwa kwa msumeno, ubao kwa ubao, yakapangwa yakauke. Mbao mbichi hujikunja na kupasuka, na mashua ya mbao mbichi huvuja. Kwa hiyo subira hapa ilikuwa sehemu ya ufundi.

Mwishoni mwa Agosti, 1889, ulitokea msafara mkubwa upande wa magharibi. Alikuwa Stanley, akirudi pwani pamoja na Emin Pasha na mamia ya watu waliochoka kwa safari ndefu. Walipokaribia Usambiro waliona nyayo za magurudumu njiani, jambo ambalo hawakulitazamia katika nchi ile. Ndani ya boma waliona kiwanda, mbao zilizopasuliwa, tangi kubwa la mvuke, na nyumba iliyojaa vitabu toka chini hata juu. Walikaa hapo karibu majuma matatu, wakapumzika.

Stanley, ambaye barua yake ndiyo iliyomwita Mackay Afrika, alimsifu sana. Alimshauri aende pamoja nao pwani na kwao, maana alikuwa amekaa miaka kumi na mitatu bila kuiona nchi yake. Mackay alikataa. Hapakuwa na mtu wa kumwachia kazi, na mashua ilikuwa haijaisha. Tarehe 17 Septemba msafara uliondoka kuelekea Usukuma na pwani. Mackay aliwasindikiza kidogo, akasimama akiwapungia kofia mpaka walipopotea machoni, kisha akarudi kwenye mbao zake.

8. Mbao za mashua

Mwezi wa Februari, 1890, Mackay alishikwa na homa kali. Pamoja naye alikuwa mwenzake mmoja tu wa Ulaya, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Siku chache baadaye, tarehe 8 Februari, Mackay alikufa. Umri wake ulikuwa miaka arobaini.

Walipotafuta mbao za kumfanyia jeneza, hawakuwa na nyingine ila zile alizozikata kwa ajili ya mashua. Mbao zilizotoka msituni juu ya gari lake, zikapasuliwa kwa msumeno wake na kukaushwa katika ua wake, ndizo zilizomchukua. Alizikwa Usambiro, karibu na kaburi la Askofu Parker. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Namirembe, Uganda.

Mashua ya moshi hakuimaliza. Lakini siku zile alikuwa ameandika pia kwamba Ziwa litafunguliwa kwa reli toka pwani, na kwamba reli itaondoa mzigo kichwani mwa mpagazi. Reli hiyo aliyoiona kwa akili ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1928 tawi lake lilipita Shinyanga likafika Mwanza, kandokando ya Ziwa lile lile. Baadaye mashine zilikuja kwa mamia, za machimbo na za viwanda, na vijana wa Usukuma na Geita wakajifunza kuzifungua na kuzifunga.

Kijana anayekuta leo randa ya zamani yenye kutu, au kerezo lililotupwa nyuma ya nyumba, asiharakishe kuliita taka. Akae kwanza kama Mackay alivyokaa Kageye, avitenge vipande, afute, atazame kila kimoja kinapatana na kipi, kisha atie mafuta na kukizungusha polepole kwa mkono. Na baada ya kukiamsha, amwite mwenziwe, amfungulie, amwonyeshe ndani. Kwa kuwa fundi anayeficha kazi yake hufa nayo, bali anayeifundisha huiacha hai nyuma yake.